Kituo cha watoto cha kijiji kiko chini ya sheria ipi? Jibu kwa katibu wa kamati, Tandahimba

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya kituo cha watoto kilichoanzishwa na kijiji chetu wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Tuna watoto 68: 40 hawajafikisha miaka 5, na 28 wamefikisha au wamepita kidogo. Walezi ni wawili, mabinti waliomaliza kidato cha nne. Wazazi wanachangia unga wa uji, na ada hulipa "msimu ukifunguka". Tunatumia jengo lililokuwa ofisi na ghala dogo la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa korosho. Shule ya msingi iko ng'ambo ya bonde, mwendo wa karibu saa nzima kwa mtoto. Mwezi uliopita Afisa Elimu Kata alituambia kwamba hatuna usajili na tunaweza kufungiwa. Afisa Ustawi wa Jamii naye aliwahi kusema sisi si wa elimu, ni wa kwake. Tunataka kujikagua kabla hatujakaguliwa. Tuanzie wapi, na je, tusimamishe huduma kwanza?

Jibu: Ndugu Katibu, maofisa hao wawili hawapingani kama inavyoonekana. Kila mmoja aliingia uani, akatazama watoto, akawaona wale wanaomhusu yeye. Kituo chenu, kwa jinsi mlivyokieleza, ni huduma mbili chini ya paa moja, na kila huduma ina sheria yake, kamishna wake na mkaguzi wake. Kabla ya kupima madirisha au kuhesabu matundu ya choo, hilo ndilo la kuamua, kwa sababu karatasi mtakazotafuta, watu mtakaowaajiri na hata suala la nani atawalipa vyote vinategemea uamuzi huo. Nimeona kamati zikitumia fedha nyingi kukarabati jengo, kisha zikaambiwa kwamba ombi lao limepelekwa ofisi isiyohusika na kwamba waanze upya.

Malezi ya mchana ya watoto wadogo yanaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo ndiyo iliyofuta sheria ya zamani ya vituo vya kulelea watoto mchana ya mwaka 1981. Chini ya sheria hiyo, mtu binafsi, kikundi au taasisi inaweza kuanzisha kituo, lakini anayekisajili ni Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na maombi hupitia halmashauri, yaani mezani kwa Afisa Ustawi wa Jamii aliyewatembelea. Halmashauri hiyo hiyo ndiyo yenye mamlaka ya kuingia na kukagua. Elimu ya awali, kwa upande wake, iko chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Anayesajili shule ni Kamishna wa Elimu, na wanaokuja kutazama ni wathibiti ubora wa shule, ambao wengi wetu bado tunawaita wakaguzi. Katika pande zote mbili, kuendesha huduma bila kusajiliwa ni kosa, na nia njema ya kijiji haibadilishi jambo hilo.

Mpaka kati ya pande hizo mbili ni umri wa mtoto. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023 lililozinduliwa mwaka 2025, imeweka mwaka mmoja wa elimu ya awali, mtoto akiwa na miaka 5, ili aingie darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Vituo vya kulelea watoto mchana kwa kawaida hupokea watoto wa miaka 2 hadi 4. Basi watoto wenu 40 ni wa Ustawi wa Jamii, na hao 28 ni wa Elimu. Ushauri wangu ni kwamba msijaribu kutafuta usajili mmoja utakaowabeba wote 68, bali mkigawe kituo katika makundi mawili, na mgawanyo huo uonekane kwenye daftari la mahudhurio, kwenye vyumba, kwenye ratiba na kwenye barua mtakazoandika.

Niseme wazi kuhusu hao 28, kwa kuwa najua kamati nyingi hutamani bango lenye maneno "shule ya awali" na jina la kijiji. Kusajili shule ya awali inayojitegemea ni safari ndefu: kuna kibali cha kuanzisha shule, kuna kuthibitishwa kwa mmiliki na meneja wa shule, na mwisho usajili wenyewe, baada ya wathibiti ubora kuridhika kwamba majengo, samani, vyoo na walimu wenye sifa vipo. Kijiji chenye jengo moja na mabinti wawili wa kidato cha nne hakitafika mwisho wa safari hiyo kwa miaka ya karibuni. Na hata kikifika, wazazi watakuwa wamejitwisha mzigo wasiostahili kuubeba, kwa sababu tangu mwaka 2016 elimu ya awali katika shule za Serikali hutolewa bila ada. Mtoto wa miaka 5 wa kijijini kwenu ana haki hiyo sasa hivi, ila bonde liko katikati.

Njia inayofaa ni kuomba kundi hilo liwe darasa la awali la shule ya msingi iliyo ng'ambo, likifundishiwa hapo hapo kijijini kama darasa shikizi. Maana yake ni kwamba watoto wanaandikishwa kwenye rejesta ya shule mama, Mwalimu Mkuu anawajibika nao, mtaala unaofuatwa ni ule wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na wathibiti ubora wanapokwenda shuleni wanalikagua darasa lenu kama sehemu ya shule hiyo. Wazo hili si geni kusini. Mkoa jirani wa Lindi ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyotekeleza mpango wa utayari wa kuanza shule chini ya EQUIP-Tanzania, programu ya kuinua ubora wa elimu, ambapo vijana wa vijijini waliopewa mafunzo walikaa na watoto ambao hawakupata elimu ya awali, wakitumia hadithi, nyimbo na michezo, huku shule ya msingi ikiwasimamia. Ombi linaanzia kwenye kamati ya shule na serikali ya kijiji, linapita kwa Afisa Elimu Kata, na uamuzi unatoka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, wenye sahihi za waliohudhuria, una uzito mkubwa hapo kuliko barua ya kamati peke yake. Umbali nao uandikwe kwa ukweli: pimeni njia wanayopita watoto, semeni bonde linajaa miezi gani na kama kuna daraja au hakuna. Msiandike "mbali sana".

Uwiano unaotambulika katika elimu ya awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Ninyi mna 28, na hakuna mthibiti atakayewafungia kwa ajili ya watatu waliozidi, lakini atauliza mwalimu ni nani. Ombeni mwalimu kutoka shule mama aje angalau siku kadhaa kwa wiki, na binti mmoja wenu awe msaidizi wake. Msimwite mwalimu kwenye maandishi kama hana cheti cha ualimu, kwa kuwa hilo ndilo kosa la kwanza litakaloandikwa kwenye ripoti. Kama ana nia ya kuendelea, vyuo vya ualimu vya Kitangali na Nachingwea haviko mbali, na kijiji kinaweza kumsaidia kwa masharti ya kurudi kufanya kazi nyumbani.

Sasa niwageukie wale 40, ambao kituo kinabaki chao. Hapa ndipo kujikagua kunapoanza, na kwenu ninyi kunaanza na jengo, kwa sababu ya neno moja mlilolitaja kwa kupita tu: ghala.

Ghala la AMCOS katika wilaya ya korosho lina historia inayonuka. Kila mwaka, kabla ya msimu wa kupuliza mikorosho, salfa ya kudhibiti ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, huletwa kwa mifuko, na pamoja nayo viuatilifu vya maji kwenye madumu. Mifuko hupasuka. Unga ule wa njano huingia kwenye nyufa za sakafu, hukaa juu ya kuta chini ya kenchi, na hushuka kidogo kidogo kila upepo unapopiga bati. Salfa huwasha macho, ngozi na mapafu, na ikishika moto hutoa moshi unaokaba. Mtu mzima akisimama humo huenda asihisi chochote. Mtoto wa miaka 3 amekaa chini, pua yake iko sentimita chache kutoka sakafuni, na mkono alioufuta sakafuni unaishia mdomoni. Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hili: mkiwa chumbani asubuhi kabla watoto hawajaingia, piteni na kitambaa cheupe kilicholowa maji kwenye kona za sakafu, juu ya ukuta na kwenye fremu za madirisha. Kikitoka na unga wa njano au harufu ya dawa, chumba hicho hakifai kukaliwa na watoto hata siku hiyo hiyo.

Kusafisha kunawezekana, lakini msifagie kikavu, maana mtainua vumbi lote. Watu wazima, wakiwa wamefunika pua na mdomo na kuvaa glavu, waoshe kwa maji mengi na sabuni kuanzia juu kwenda chini, kisha nyufa zizibwe kwa saruji na kuta zipakwe rangi upya. Maji machafu yasielekezwe kwenye kisima wala kwenye eneo la kuchezea. Baada ya hapo mwiteni Afisa Afya wa kata na Afisa Kilimo waje kuona, na mwombe maoni yao kwa maandishi. Karatasi hiyo itawasaidia kuliko maelezo yenu yoyote. Tena, pateni makubaliano ya maandishi na bodi ya AMCOS kwamba chumba hakitarudishiwa mifuko msimu ujao. Najua jinsi mambo yanavyokwenda: magari yanafika, ghala kubwa linajaa, mtu anasema "tuweke humo siku mbili tu", na siku mbili zinakuwa miezi miwili, watoto wakiwa chumba cha pili. Makubaliano hayo hayo yaeleze mnalitumia jengo kwa msingi gani na kwa muda gani, kwa sababu Kamishna hawezi kusajili kituo kwenye jengo ambalo mmiliki wake anaweza kulidai kesho yake.

Na ndoo. Tazameni ndoo na madumu yote mnayotumia kwa maji na uji. Kama kuna hata moja lililowahi kuwa na kiuatilifu, hata kama limeoshwa mara ngapi, litobolewe ili asilichukue mtu mwingine. Uani nako kukaguliwe wakati wa mavuno: korosho mbichi zikianikwa karibu, watoto huziokota na kuzing'ata, na mafuta ya ganda lake huunguza midomo na vidole vibaya. Anayekagua kituo mwezi wa tano hataliona hilo. Ninyi mnalijua, basi liandikeni kwenye taratibu zenu za usalama.

Mambo mengine ya jengo niyapitie haraka. Chumba kiwe na mwanga wa kutosha kumwona mtoto aliye kona ya mbali, hewa ipite pande mbili, na milango ifunguke kwa nje bila kufuli wakati watoto wamo ndani. Bati lifungwe kwa misumari ya bati au nyaya, lisikandamizwe kwa mawe. Baada ya kimbunga Hidaya cha Mei 2024, maofisa wa mikoa yetu hutazama paa kabla ya ukuta. Pawe na njia ya mteremko mlangoni kwa mtoto mwenye ulemavu, hata kama leo hamna mtoto wa namna hiyo kwenye orodha, maana wazazi wake huwa hawamleti mahali wanapoona hawezi kuingia. Uzio wa miti unakubalika iwapo hauna mwanya wa mtoto kupita na haujafungwa kwa waya wenye ncha.

Maji, kama kila mtu wa Uwanda wa Makonde anavyojua, ndiyo mtihani wenyewe. Mkaguzi atauliza maji yanatoka wapi, na jibu la "tunayo tangi" halimtoshi, kwa sababu tangi la mvua lililojaa mwezi wa nne linaweza kuwa tupu mwezi wa tisa. Fanyeni hesabu ya uwazi: kila siku mnatumia ndoo ngapi kwa kunywa, kwa uji, kwa kunawa na kwa choo, tangi linachukua ndoo ngapi, na siku bomba la mradi wa Makonde lisipotoa maji mtapata wapi, nani atayaleta, na fedha zitatoka fungu gani. Kama sehemu ya paa bado ni makuti, maji yake hayafai kunywa, basi wekeni bati upande unaoelekea tangi hata kama upande wa pili utasubiri. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na yakae kwenye chombo chenye kifuniko na bomba, ili kikombe kisichovywe ndani. Kwa kunawa, vibuyu chirizi (vyombo vya kuning'iniza vinavyotiririsha maji kidogo kidogo) viwili au vitatu vyenye sabuni vinatosha, lakini vining'inizwe kwenye kimo cha mtoto. Mara nyingi nimekuta kibuyu chirizi kizuri kabisa kimening'inizwa kwenye kimo cha mwenyekiti wa kamati.

Choo ni jambo ambalo kamati hujidanganya kirahisi. Mwongozo wa maji na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, nanyi mnaweza kuutumia kama kipimo. Ila kwa umri huu idadi ni nusu tu ya jambo. Tundu la mtu mzima ni hatari na linatisha: mtoto anaogopa kuanguka, anaogopa giza, anaogopa nzi, kwa hiyo anajisaidia nyuma ya choo, na choo kinabaki kisafi kwa sababu hakitumiki. Mkitaka kujua kama choo chenu ni cha watoto, zungukeni nyuma yake saa nne asubuhi. Suluhisho ni tundu dogo lenye mfuniko, sehemu za kuweka miguu zilizo karibu, mlango mfupi unaoruhusu mlezi kuona kichwa cha mtoto, na mwanga. Wavulana na wasichana watenganishwe, na choo cha walezi kisiwe hicho hicho.

Uji wa saa nne ni jambo jema, nanyi mlisema wazazi wanachangia unga. Chakula cha watoto wa umri huu hakitakiwi kuwa cha gharama, lakini unga wa mahindi au muhogo peke yake hautoshi. Ongezeni karanga, kunde au mbaazi, ambazo kwetu hazikosekani. Mahindi na karanga zenye ukungu zikataliwe mlangoni, hata kama aliyezileta ni mjumbe wa kamati, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mpishi apimwe afya na cheti chake kiwepo kituoni, jiko liwe mbali na watoto wanapochezea, na daftari la kupokea unga lionyeshe nani alileta nini na lini.

Kuhusu walezi, fikirieni jambo moja dogo linalotokea kila siku: mlezi mmoja anampeleka mtoto chooni, na kwa dakika hizo mwenzake amebaki na watoto 39. Hata kama uwiano wa mwalimu 1 kwa watoto 25 ungetumika kwa umri huu, na mimi singekubali watoto wa miaka 3 wawe wengi kiasi hicho kwa mtu mmoja, bado mngehitaji mikono zaidi. Mkimtoa binti mmoja kwenda kuwa msaidizi wa darasa shikizi, kituo kitabaki na mmoja. Kwa hiyo gawanyeni mara ya pili, wa miaka 3 na wa miaka 4, na tafuteni walezi wengine wawili kabla ya kuandika ombi. Mafunzo ya malezi ya watoto wadogo yanatolewa na chuo cha Kisangara, wilayani Mwanga, na Afisa Ustawi wa Jamii ndiye wa kumuuliza kuhusu mafunzo mafupi yanayofanyika ndani ya mkoa. Kila mlezi awe na faili lenye nakala ya vyeti, barua ya utambulisho ya Mtendaji wa Kijiji, mkataba wenye kiasi cha posho, na maelezo ya kazi yake.

Faili za watoto ndizo zinazonipa picha ya kituo haraka kuliko kitu kingine. Ninafungua moja bila kuchagua. Nikikuta kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa au angalau uthibitisho kwamba kimeombwa, jina na namba ya simu ya mzazi, jina la mtu wa pili anayeruhusiwa kumchukua mtoto, na maelezo kama ana pumu, kifafa au chakula kinachomdhuru, basi najua kwamba pana mtu anayefanya kazi. Vyeti vya kuzaliwa vya walio chini ya miaka 5 vinapatikana kupitia vituo vya kutolea huduma za afya na ofisi za kata, kwa hiyo kukosekana kwake kwenye mafaili 40 ni uzembe wa kurekebishika. Rejesta ya mahudhurio iandikwe kila siku kwa wino, na pale idadi inaposhuka ghafla, sababu iandikwe pembeni. Watoto wa kiume wakienda jandoni wakati wa likizo ya mwezi wa sita na wakachelewa kurudi, andikeni hivyo; rejesta isiyo na pengo hata moja mwaka mzima hakuna anayeiamini.

Jambo la ulinzi wa mtoto halina njia ya mkato. Pawe na kanuni fupi, iliyoandikwa na kusainiwa na kila mlezi, mpishi na mlinzi: hakuna fimbo, hakuna mtoto kufungiwa chumbani, hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, na mtoto anakabidhiwa kwa mtu aliyeandikwa tu. Dereva wa bodaboda anayebeba watoto wanne kwa mpigo si njia ya kuwarudisha nyumbani, hata kama ni mjomba wa mmoja wao. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ibandikwe ukutani, na kamati ya kijiji ya ulinzi wa wanawake na watoto ijue kwamba kituo kipo na nani anawajibika kutoa taarifa. Na kuna ombi ambalo huja kila msimu wa korosho, pale wazazi wanapohamia mashambani: kwamba watoto walale kituoni. Likataeni. Wizara ya Elimu ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne mwaka 2023, na kwa mtoto mdogo kuliko hao, kwenye kituo cha mchana, hakuna afisa atakayeliruhusu.

Fedha mlizigusa kwa sentensi moja, kwamba wazazi hulipa "msimu ukifunguka". Mkaguzi mwenye uzoefu wa Mtwara atawauliza mara moja: mwezi wa nne mnawalipa walezi kwa fedha zipi? Minada ya korosho ikianza, kila mzazi ni mkarimu. Ikifika masika, walezi huanza kuondoka mmoja mmoja, na kituo kinabaki na mtu ambaye hakuna aliyemchagua. Andaeni bajeti ya miezi kumi na miwili, mkusanye michango yote ya mwaka wakati wa minada, muiweke benki kwa sahihi tatu, na mlipe posho kila mwezi kutoka hapo. Mkifikiria makato kwa kila kilo ya korosho kupitia AMCOS, yapitishwe na mkutano mkuu wa wanachama na yaandikwe kwenye muhtasari. Wazazi wa hao 28 wasidaiwe ada tena pindi watoto watakapoandikishwa shule mama; mchango wa uji unaweza kuendelea kwa makubaliano, lakini mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajautoa.

Kuhusu kinachofundishwa, sitasema mengi. Mkaguzi akifungua daftari la mtoto wa miaka 3 akakuta kurasa ishirini za a-e-i-o-u zilizonakiliwa ubaoni, atajua kwamba kituo kinajaribu kuwa darasa la kwanza. Watoto hawa wanahitaji kona zenye vitu vya kushika: vifuu vya nazi, mchanga, kokwa za mabibo zilizokaangwa na kubanguliwa ganda, vipande vya mbao vilivyosagwa ncha, vitabu vya picha. Wanahitaji hadithi na ngoma kwa Kiswahili, na kwa lugha ya nyumbani pale mtoto mgeni anapolia. Ratiba ya siku, yenye muda wa kucheza nje na wa kulala, ibandikwe na ifuatwe.

Mmeuliza kama msimamishe huduma. Kwa maelezo mliyotoa, chumba kilichokuwa ghala kifungwe leo mpaka kisafishwe, na kama hamna pengine pa kuwaweka watoto wote, waje kwa zamu, wadogo asubuhi hii na wakubwa asubuhi ile, au mkae chini ya mwembe wakati huu ambapo hakuna mvua. Msipokee mtoto mpya. Zaidi ya hapo, msifunge kwa hiari yenu, kwa sababu watoto 40 watarudi kuchunga wadogo zao nyumbani au kufuata wazazi kwenye mashamba yanayopulizwa dawa. Lakini afisa yeyote mwenye mamlaka akiwaagiza kwa maandishi kufunga, mtii siku hiyo hiyo na mjadiliane mkiwa mmefunga. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahimiza vituo vya kijamii kama chenu, na maofisa wengi wanalijua hilo. Wanachotaka kuona ni kwamba mmeanza kufuata utaratibu.

Basi wiki hii andikeni barua mbili. Ya kwanza iende kwa Mkurugenzi, kupitia Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu Kata, ikiomba darasa shikizi kwa watoto 28, pamoja na orodha ya majina na tarehe zao za kuzaliwa, muhtasari wa mkutano mkuu na maelezo ya njia. Ya pili iende kwa Afisa Ustawi wa Jamii, ikiomba kituo cha watoto 40 kikaguliwe kwa ajili ya usajili, pamoja na katiba ya kikundi, makubaliano ya jengo, taarifa ya Afisa Afya, orodha ya walezi na vyeti vyao, bajeti na ratiba. Kila barua itaje nyingine, ili ofisi moja isidhani kwamba mnaikimbia nyingine. Zigongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nakala zibaki kwenu na kwa Mtendaji wa Kijiji. Siku ya ukaguzi ikifika, mmoja wenu atembee na mkaguzi akiandika kila anachosema, na kabla hajapanda pikipiki mwombe nakala ya taarifa yake itakuwa tayari lini, ili muisome mbele ya wazazi kwenye mkutano unaofuata na mpangiane nani atarekebisha nini.